Pumzi Niliyompa Baba Mkwe

Fahali alikuwa ameshabanwa kwenye mbao, na bomba la sindano lilikuwa mkononi mwangu, limejaa dawa. Hapo ndipo nilipowakatia wiki jana, na najua wengine mlinilaumu. Nisameheni. Hata mimi, kila nikifika hapo, hutafuta kisingizio cha kwenda kuchemsha chai.

Kwa aliyenikuta njiani: mimi ni daktari wa mifugo. Nimeolewa na mwalimu, mtu mpole, mtoto wa kwanza wa mzee mmoja mfugaji ambaye upole haukumpitia hata kwa bahati mbaya. Mzee huyo, baba mkwe wangu, aliniita Bi Sindano tangu nilipoingia kwao. Alisema mwanamke anayeshinda mkono wake ukiwa ndani ya ng'ombe hawezi kupika chakula kikalika. Chakula changu alikila, na sahani ikarudi jikoni kama imeoshwa.

Fahali wake alikuwa anaumwa ukwato wa nyuma. Ulikuwa unaoza, na kila daktari aliyeitwa alifika uani, akamtazama, akakumbuka ana safari. Yule fahali tulimwita Jaji, maana akiingia zizini wote husimama, na asiyesimama hukimbia. Alikwisha kumvunja mbavu mfanyakazi mmoja, mtu mzima mwenye kifua kama mlango.

Mume wangu alinibembeleza niende. Akasema, baba akiona umemponya Jaji, maneno yatakwisha. Nikaenda.

Sasa niwaeleze dawa niliyokuwa nayo, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa lolote. Ni dawa ya kulaza wanyama wakubwa. Inamtuliza mnyama, inamlegeza misuli, shingo inainama, mate yanamchuruzika, na fahali aliyekuwa akirusha mateke anasimama kama mtu anayenyolewa. Ng'ombe hahitaji nyingi. Binadamu haihitaji kabisa. Si yake.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa amekwenda jikoni kuchukua maji ya moto ya kuoshea ukwato. Huyo tunamwita Redio. Hazimiki, na habari nyingine anazitoa kabla hazijatokea. Laiti siku ile angebaki pale akaona kwa macho yake. Lakini zizini tulikuwa wawili tu, mimi na mzee.

"Subiri," mzee akasema.

Nikadhani ameona kamba imelegea. Nikashusha mkono.

Akaniambia niirudishe dawa kwenye chupa. Kesho asubuhi kuna mteja anakuja kumwona Jaji, akimpenda amnunue. Alitaka nilale pale pale, niamke mapema, nimchome fahali kidogo kabla mteja hajafika, ili asimame kwa adabu. Ukwato ungesafishwa siku hiyo hiyo, mteja akiwa bado njiani, na kila mtu angefurahi.

Nilimjua mteja. Ni mama mmoja mjane anayefuga ng'ombe wa maziwa na binti zake. Hana mfanyakazi. Wale mabinti ndio wangemshika Jaji kamba.

"Baba, dawa hii inaisha," nikamwambia. "Akizinduka kwao ataua mtu."

"Akizinduka kwao ni wao."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayekueleza bei ya chumvi. Hilo ndilo lililonichoma mimi kwanza, kabla ya mtu mwingine kuchomwa.

Nikamjibu kwamba dawa ile si poda ya kumpaka bibi harusi. Nitamtibu Jaji leo kwa sababu anaumwa, na kesho mteja atamwona alivyo. Nikageuka kumchoma.

Mzee akanishika mkono.

Sijui kama mmewahi kumnyang'anya mkweo kitu. Mwili wenyewe unakataa. Nilivuta, lakini nusunusu, kama mtu anayeomba radhi huku anavuta. Yeye alivuta kwa nguvu zake zote. Vidole vyake vilikuwa juu ya vyangu, na sindano haikuwa na kifuniko, kwa sababu nilikuwa tayari kuchoma.

Jaji akachoka kutusikiliza. Alijirusha kwa kiuno, ubao mmoja ukakatika, ukanipiga mgongoni, nikamwangukia mzee, na mzee akauangukia uzio.

Tulipoachana, bomba lilikuwa limesimama kwenye paja lake, sindano imezama kupitia suruali. Lilikuwa tupu. Ni kiganja changu kilicholisukuma au ni chake, mpaka leo namwachia Mungu.

Mzee akalitazama, akalichomoa, akalitupa kwenye samadi.

"Mbu," akasema.

Redio alitokea na ndoo ya maji ya moto akatukuta hivyo: baba yake anajifuta suruali, mimi nimepiga magoti kwenye samadi natafuta bomba nione kama kuna dawa iliyobaki.

Nikamwambia aiache ndoo, alete gari. Nikamwambia dawa ya ng'ombe imeingia kwa baba na lazima afike hospitali sasa hivi. Mzee akasema haendi popote. Amepigwa na pembe, amepigwa na mateke, ameumwa na nyoka, hatapelekwa hospitali na Bi Sindano kwa ajili ya kijishimo kwenye paja. Akaanza kutembea kuelekea nyumbani.

Nilimfuata nyuma nikimwangalia miguu. Nimewaona ng'ombe wengi wakitembea vile. Mwendo unakuwa mzuri mno, wa taratibu, kama mnyama anafikiri kila ukwato anapouweka. Halafu magoti yanasahau kazi yao.

Alipofika mlangoni alisema anataka maji, mdomo umekauka. Alisema kwa ulimi mzito. Mama mkwe wangu alikuwa ndani anachambua mchele, akainua kichwa akidhani mumewe anamtania. Mzee akashika mwimo wa mlango, akateleza nao mpaka chini, akakaa sakafuni kama mtoto.

"Niacheni nilale kidogo," akasema.

Tulimbeba. Gari la pale nyumbani ni pikapu la kupelekea maziwa, na madumu yalikuwa bado nyuma. Hatukuwa na muda wa kuyashusha. Tukamlaza mzee katikati yake, kwa ubavu, kichwa chake kwenye mapaja ya mama mkwe. Mimi nikapanda na begi langu la kazi. Redio akaingia kwenye usukani, lakini kabla hajawasha akafungua mlango, akarudi nyuma.

"Shemeji, si unayo ile ya kuwaamsha? Nimekuona kwa jirani. Ng'ombe alikuwa amelala kama gogo, ukamchoma, akanyanyuka."

Nikamwambia ninayo.

"Basi mchome."

Nikamwambia ile nayo ni ya wanyama. Inaamsha ng'ombe, lakini moyo wa binadamu sijui itaufanya nini, na moyo wa baba yake tayari unakwenda polepole. Naweza kumchoma akaamka. Naweza kumchoma asiamke tena.

"Ya kumlaza ulijua," Redio akasema. "Ya kumwamsha hujui."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Akarudi mbele, akaondoa gari.

Njiani nikaipigia simu hospitali. Namshukuru aliyepokea, hakunizungusha, alinipa daktari mwenyewe. Nikamweleza jina la dawa, kiasi, umri wa mzee, hali yake. Akaniuliza maswali machache kwa haraka. Nami nikamuuliza lile lililokuwa linanitafuna, kuhusu dawa ya kuamsha.

"Usithubutu," akasema. "Mlaze ubavu, mwangalie pumzi. Zikikatika, mpulizie mdomoni mpaka mfike kwangu. Wewe ni nani wake?"

"Mkwe wake. Mke wa mtoto wake."

Nilisikia mtu akiita nyuma yake.

"Mpulizie hivyo hivyo," akasema, na mtandao ukakatika.

Yale maneno tuliyasikia mimi na upepo. Mama mkwe alikuwa ameinamia uso wa mumewe anamwita kwa jina la ujana wao, jina ambalo sikuwahi kulisikia na ambalo sitaliandika. Redio alikuwa mbele, vioo vimefungwa.

Nilikuwa nimeweka vidole shingoni kwa mzee. Moyo ulikuwa unapiga kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua haina mtu. Anagonga, anasubiri, anataka kuondoka, anagonga tena. Midomo yake ilikuwa imeanza kupoteza rangi. Kifua kilipanda. Kikashuka. Nikasubiri kipande tena. Gari likaruka shimo, madumu yakagongana, na nikajidanganya kwamba nimekiona kikipanda.

Hakikupanda.

Nikamwambia mama mkwe, "Mama, baba hapumui. Mbane pua, mpulizie."

Nilimwambia yeye kwanza. Yule alikuwa mume wake. Mimi ni mkwe, na tangu nilipoingia katika ile familia sikuwahi kumpa mzee maji bila kupiga goti, sikuwahi kukaa kiti alichokikalia, na kikombe chake nilikiosha peke yake. Leo midomo yangu iende wapi?

Mama akajaribu. Masikini, alijaribu. Ana pumu ya siku nyingi, na hofu ilikuwa imembana zaidi ya pumu. Pumzi zake hazikumtosha hata yeye. Alipuliza mara ya kwanza hewa ikatokea pembeni, alipojaribu tena akaanza kukohoa, akanitazama. Alinitazama kama mtu aliyeshika kitu kinachomtoka mkononi.

Nikamgeuza mzee chali. Nikainua kidevu chake. Nikambana pua.

Nikaweka mdomo wangu juu ya mdomo wa baba mkwe wangu, nikapuliza.

Nataka niseme ukweli, kwa sababu nimewaahidi ukweli tangu sehemu ya kwanza. Sikuwaza maisha yake. Watu husema wakati kama ule unawaza maisha ya mtu. Mimi niliwaza aibu. Tulikuwa tunapita sokoni, pikapu halina turubai, na watu waliosimama barabarani wanamjua mzee na wananijua mimi. Nilisikia mtu akicheka. Alidhani ameona kitu kingine.

Kifua cha mzee kikapanda. Nikapuliza tena.

Halafu kukawa na kivuli. Nilidhani ni mwili wangu unazimia. Nilipoinua uso kuvuta hewa nikaona mama mkwe amevua mtandio wake mkubwa, ameushika kwa mikono yote miwili, ameutandaza mbele yetu kama pazia. Nywele zake nyeupe zilikuwa wazi, zinapeperuka. Mwanamke yule sikuwahi kumwona nywele.

"Endelea," akasema. "Hakuna anayeona."

Nikaendelea.

Redio aliona mtandio kwenye kioo. Akaona mama yake kichwa wazi, akajua baba amekufa. Akafunga breki katikati ya barabara, sote tukamiminikia mbele, dumu moja likafunguka maziwa yakatulowesha. Akashuka. Akanikuta nimemlalia baba yake mdomoni.

Sijui aliona nini. Najua alichofanya. Alinyakua begi langu, akaanza kutafuta ndani yake, anatupa glovu, anatupa pamba. Alikuwa anaitafuta ile chupa ya kuamshia.

Mimi sikuweza kusema. Mdomo wangu ulikuwa na kazi. Kila nikiinua uso nilikuwa na nafasi ya neno moja, na neno hilo nililihitaji kwa kuvuta hewa. Nikasema "Usi—" nikainama. Nikasema "Daktari—" nikainama. Alikuwa ameshaipata. Alikuwa anasoma maandishi yake madogo, anauliza ni kiasi gani, shemeji, niambie ni kiasi gani.

Kama angepata bomba pale, mzee angechomwa na mtoto wake, na leo ningekuwa nawasimulia msiba.

Mama mkwe aliushusha mtandio. Akanyoosha mkono, akaichukua chupa kutoka vidoleni mwa mwanawe taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akairudisha kwenye begi. Akalivuta begi, akalikalia.

"Endesha gari," akamwambia.

Redio akasema, "Mama, huyu anamuua baba."

"Anampa pumzi. Wewe hujampa hata moja. Endesha."

Akaendesha. Mama akautandaza tena mtandio, akiwa amekaa juu ya begi langu, maziwa yanamtiririka miguuni.

Hospitali walikuwa wanatusubiri mlangoni na kitanda. Yule daktari wa kwenye simu alikuwa kijana mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Hakuniuliza chochote. Alinisogeza kwa kiwiko, akamwekea mzee barakoa na mfuko wa kusukumia hewa, wakaondoka naye wakikimbia. Mimi nilibaki nimesimama kwenye korido nikiendelea kupuliza. Nilipuliza hewa tupu. Muuguzi mmoja ndiye aliyenishika bega akaniambia, dada, basi, tumempokea.

Nikakaa kwenye benchi. Midomo ilikuwa imekufa ganzi. Nilikuwa na samadi magotini na maziwa kifuani.

Mume wangu akapiga simu. Nilipoona jina lake, machozi yaliyokuwa yamejificha yalikuja yote. Nikapokea nikiwa nimekwisha kuanza kulia. Nilitegemea aseme, pole mke wangu. Nilitegemea hata aseme, uko wapi.

Akasema, "Ulimchoma baba?"

Redio alikuwa ameshatangaza.

Nikamwambia ilikuwa ajali, fahali aliturusha. Akaniuliza bomba lilikuwa kwa nani. Nikasema mkononi mwangu. Akauliza, sasa baba alifikaje kwenye sindano?

Hapo, wasomaji wangu, nilikuwa na jibu. Jibu lilikuwa jepesi: baba yako alitaka kumlaghai mjane, nikakataa, akaninyang'anya. Lakini baba huyo alikuwa nyuma ya mlango anapigania moyo wake. Mtu wa kumsema vibaya mzazi katika hali ile bado sijawa. Nikasema tu kwamba tulisukumana.

"Mlisukumana," akarudia. "Na baba yangu."

Akasema anakuja, akakata.

Nilinyamaza kwa heshima, na heshima ile ikaanza kunichimbia kaburi papo hapo. Maana Redio alirudi hospitali na askari.

Askari alikuwa mtu mzima, mwenye adabu. Akaniuliza yale yale, nami nikamjibu yale yale, na pale pale kwenye maneno yangu palikuwa na shimo. Kwa nini mzee, ambaye hakuwahi kushika bomba maishani, alishike? Nikasema hakutaka nimchome fahali siku ile. Kwa nini hakutaka? Nikasema, mwulizeni mwenyewe akiamka.

Redio akamweleza kwamba mimi na mzee hatukuwahi kuelewana. Ni kweli. Akamweleza kwamba kwenye sikukuu moja ya familia mzee alinitania kuhusu kazi yangu mbele ya wageni, nami nikasema, baba, iko siku utanihitaji na sindano yangu. Hilo nalo ni kweli. Nililisema nikicheka, na wote walicheka. Lakini lisemwe tena kwenye korido ya hospitali, na kijana anayelia, mbele ya askari, halichekeshi.

Askari hakunifunga pingu. Alikaa karibu nami kwenye benchi, kati yangu na mlango.

Jua lilikuwa limeanza kupungua ukali daktari alipotoka. Akasema moyo bado uko chini lakini unapanda, pumzi anavuta mwenyewe, amefumbua macho na amemtukana muuguzi. Mama mkwe akasema basi ni yeye, amerudi. Hapo ndipo nilipomwona anacheka na kulia kwa pamoja.

Daktari akanigeukia. Akasema mbele ya wote kwamba mzee alifika akiwa hai kwa sababu ya aliyempulizia njiani, na kwamba angechomwa ile dawa nyingine asingeweza kuahidi kitu. Redio akaangalia chini. Askari akaondoka kwenye benchi, akasimama ukutani. Nikaona mwanga kidogo.

Tukaingia. Mume wangu alifika wakati ule ule, jasho linamtoka, chaki bado kwenye mkono wa shati. Alisimama mlangoni. Hakuja upande wangu, lakini hakwenda upande wa mdogo wake pia. Alibaki pale kizingitini.

Mzee alikuwa amelala na nyaya kifuani. Juu ya kichwa chake mashine ilikuwa inahesabu moyo, tii, tii, taratibu kama bomba la maji lililofungwa vibaya. Akauliza kwa nini kifua kinamuuma.

"Ulipuliziwa," mama mkwe akamwambia.

"Na nani?"

Mama alikunja mtandio wake uliolowa maziwa, akaukunjua.

"Na aliyekuwepo."

Mzee alizungusha macho kitandani polepole, yakampita Redio, yakampita askari, yakafika kwangu yakasimama. Akanyanyua mkono wenye sindano ya maji, akajigusa midomo kwa ncha ya kidole. Nikaangalia sakafu.

Askari akajisogeza. Akampa pole, akamwambia hatamchosha, ana swali moja. Nani alimchoma?

"Hakuna aliyenichoma," mzee akasema. Ulimi ulikuwa bado mzito, lakini kila neno lilifika. "Nilijichoma mwenyewe."

Redio akainua kichwa. Mama mkwe akashusha pumzi ndefu. Mume wangu alitoka kizingitini, akapiga hatua kuja kwangu.

Mzee alikuwa hajamaliza.

"Nilimwambia anipe bomba nimchome Jaji mimi," akasema. "Akanipa. Fahali akaruka. Basi."

Mume wangu akanishika mkono. Alitabasamu, maskini, kwa sababu yeye ni mwalimu, hajui sheria za kazi yetu. Mimi nilizijua. Na yule daktari mfupi alizijua, maana aliacha kuandika, akanitazama.

Dawa ile haikabidhiwi mtu asiyesomea. Daktari wa mifugo aliyempa mfugaji bomba lililojaa, mfugaji akaumia, huyo hafungwi kwa kutaka kuua. Lakini hashiki tena sindano maisha yake yote. Leseni inachukuliwa, na jina lake linakuwa mfano wa kufundishia wanafunzi.

Nilimtafuta mzee machoni nijue. Je, alikuwa ananiokoa kwa namna aliyoijua, mtu aliyetoka kuzimu na hana habari na sheria zetu? Au aliuza ng'ombe miaka yote ile akajua vizuri namna ya kumpa mtu mfupa akabaki na nyama? Macho yale yalikuwa bado na ukungu wa dawa. Hayakuniambia kitu.

"Mama daktari," askari akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kwenda nyumbani. "Ndivyo ilivyokuwa? Ulimpa bomba?"

Kusema ndiyo kulikuwa rahisi. Ningelala kwangu, na mume wangu na mdogo wake wangepatana. Mama mkwe alikuwa ameniwekea mkono mgongoni, anausugua polepole, kama anayemwombea mtu ameze dawa chungu. Na kesho yake mjane angefika na binti zake kumwangalia fahali, na mimi nisingekuwa tena mtu wa kusema lolote kuhusu ng'ombe wa mtu yeyote.

Niliachia mkono wa mume wangu.

Nikamwomba askari ruhusa nimuulize baba swali moja, mbele ya wote. Redio akataka kupinga, mama akamzuia kwa jicho. Askari akasema, uliza.

Nikasogea kitandani. Nikapiga goti, kama ninavyopiga siku zote, uso wangu ukalingana na wake.

"Baba," nikamwambia, "lile bomba ulilitakia nini?"

Mzee akafumba macho. Lakini juu ya kichwa chake, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, moyo wake ulianza kwenda mbio, na kila mtu mle chumbani akausikia.